Bwati otomatiki ya pikapu kwenye milima ya Bukavu: ipi tabia, upi ugonjwa

«Papa fundi, bwati inapiga.» Maneno hayo, yaani sanduku la gia linatoa kishindo, husikika karibu kila garaji ya Bukavu inayopokea Hilux, Ranger au Navara ya otomatiki, na yakiishia hapo fundi hana pa kuanzia. Inapiga lini: gari likiondoka, likibadilisha vitesi (gia), au likishasimama? Motere (injini) ikiwa baridi au imeshapata moto? Gari likiwa tupu au limebeba? Majibu ya maswali hayo matatu yanaokoa dola nyingi kuliko kubahatisha na vipuri, kwa sababu sehemu kubwa ya makelele yanayotupiwa bwati hayatoki ndani ya bwati, na mengine yanatoka humo lakini ndivyo ilivyoundwa.

Kinachoendelea chini ya miguu yako

Kwenye bwati ya kisasa levye (mkono wa vitesi) unayoshika ni ombi tu. Kompyuta inasoma kanyagio la mafuta, mwendo wa gari, mizunguko ya motere na joto la mafuta ya bwati, kisha inafungua na kufunga elektrovani (vali za umeme). Shinikizo la mafuta linabana fungu moja la sahani za msuguano na kuachia jingine, na hapo vitesi imebadilika. Kati ya motere na bwati kuna konvertisere inayopitisha nguvu kwa njia ya mafuta, na ndani yake mna amburayaji (klachi) ndogo ya kuifunga ili nguvu isipotee bure. Ikijifunga, sindano ya mizunguko inashuka kidogo ingawa vitesi haijabadilika. Watu wengi huihesabu kama vitesi ya ziada na kuanza kushuku.

Hilux za tangu 2015 zina vitesi 6, Navara za siku hizi 7, na Ranger kuna za 6 na kuna za 10. Ile ya 10, ambayo Ford iliibuni pamoja na General Motors na kuitoa kwanza kwenye F-150 ya mwaka 2017, huruka vitesi kwa makusudi: mguu ukiwa mwepesi inaweza kutoka 1 hadi 3, kisha 5. Ukiiona ikifanya hivyo usimwite fundi.

Kompyuta pia inajifunza. Inapima sahani zinachukua muda gani kubana, na safari inayofuata inarekebisha shinikizo. Hapa ndipo mji wetu unapoisumbua. Safari ya kutoka Nguba hadi Nyawera inaisha kabla mafuta ya bwati hayajapata joto, foleni hairuhusu kupita vitesi zote kwa utulivu, na kona moja unapanda, inayofuata unashuka. Gari linaloishi hivyo linaweza kukaa miezi bila kupata somo zuri hata moja.

Yasiyokupasa kukuhangaisha

Asubuhi, mafuta yakiwa baridi, bwati inachelewa kuachia vitesi za chini na konvertisere inakataa kujifunga. Dakika kumi za mwendo wa kawaida zinatosha. Kuacha gari liungurume nyumbani nusu saa hakusaidii sana, maana bwati hupata joto ikifanya kazi.

Kwenye foleni, kati ya kilomita 10 na 25 kwa saa, utahisi kusukwasukwa unapokanyaga, unaachia, unakanyaga tena. Kompyuta ilikuwa imeshaanza kupanda vitesi, wewe ukabadili nia, ikabidi irudi. Dawa ni mguu: acha nafasi ya magari mawili mbele yako, liache gari litambae kwa ralanti (mzunguko wa chini wa motere) bila mafuta, na ukitaka kuondoka kanyaga polepole lakini bila kusitasita. Mshtuko mdogo wa kurudi vitesi ya 1 gari linapokaribia kusimama nao ni wa kawaida, mradi usitikise kikombe cha chai.

Ukitia D (mbele) au R (nyuma), gari linapaswa kushika ndani ya sekunde moja hivi. Likichukua mbili au zaidi, hiyo imeshatoka kwenye tabia. Soma chini, penye mafuta.

Kupanda

Malalamiko makubwa ya Bukavu ni bwati inayotapatapa mlimani: inapanda 4, inazidiwa, inarudi 3, inajaribu 4 tena. Kila badiliko ni msuguano, na msuguano ni joto. Wengi huwasha kitufe cha ECO wakidhani watapunguza mazutu (dizeli), nacho ndicho kinachoiharakisha kupanda vitesi mahali isipoweza kubaki. Kwenye mwinuko mrefu washa PWR (kitufe cha nguvu), au sukuma levye kwenye S (nafasi ya kuchagua vitesi mwenyewe) na uizuie isivuke 3. Zima ECO mpaka ufike kwenye tambarare, kama utaipata.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata mashofere wazoefu. Kwenye Hilux, namba inayoonekana ukiwa S ni dari. S4 maana yake «usivuke 4», na kompyuta bado ina ruhusa ya kutumia 3, 2 au 1. Kwenye Ranger ukiwa M, nafasi yake ya kuchagua mwenyewe, namba ni vitesi yenyewe, na bwati inaishikilia isipokuwa motere inakaribia kuzimika au kuvuka kikomo. Ukihama kutoka gari moja kwenda jingine bila kujua hilo, utadhani mojawapo ni mbovu.

Kumbuka pia tuko juu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilima vya mji viko juu zaidi. Pikapu ya petroli isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu hapa, kwa hiyo itarudi vitesi mara nyingi kuliko ingerudi pwani. Ya mazutu yenye turbo haiumii hivyo, ila turbo inachelewa kujaa ukiondoka kutoka chini, na shofere anaongeza mguu mpaka vitesi inarudi kwa kishindo. Ukihesabu moja, mbili kabla ya kuongeza mguu, kishindo hakiji.

Usilishikilie gari mlimani kwa mafuta. Foleni ya kupanda Kadutu imesimama, gari halirudi nyuma kwa sababu unakanyaga kidogo kidogo: nguvu yote hiyo inageuka joto ndani ya konvertisere. Shika freni.

Kuegesha na kuondoka mlimani

Kishindo kikubwa unapotoa P (nafasi ya kuegesha) asubuhi si ugonjwa wa bwati, ni uegeshaji wa jana. P inalishika gari kwa jino moja dogo la chuma linaloingia kwenye gurudumu la meno mwishoni mwa bwati. Ukiweka P kisha ukaachia freni, tani mbili na zaidi zinalala juu ya jino hilo.

Fanya hivi. Simama kwa freni ya mguu, tia N (bwati huru), vuta freni ya mkono mpaka mwisho, kisha achia freni ya mguu taratibu mpaka gari litulie juu ya freni ya mkono. Kanyaga tena, ndipo utie P. Ukiondoka, washa motere, kanyaga freni, tia D, na freni ya mkono uiachie mwisho. Kama freni ya mkono hailishiki gari kwenye mteremko wa kwako, itengeneze hiyo kwanza. Jiwe nyuma ya gurudumu ni nyongeza tu.

Kushuka

Barabara ya Uvira kupitia Nyangezi na escarpement (mteremko mkali) ya Ngomo ndiyo mtihani. Kutoka huku juu unaelekea uwanda wa Ruzizi, na Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kitu tu. Kabla ya mteremko, punguza mwendo, weka S au M, uchague 3. Ukibeba mzigo, 2. Motere ikizunguka kati ya mara 2,500 na 3,500 kwa dakika bila mguu kwenye mafuta, uko sawa, hata ikilia. Ikiendelea kupanda, kanyaga freni kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza vitesi moja, achia freni zipoe. Ukiiomba kompyuta vitesi ya chini mno kwa mwendo huo, itakataa, mara nyingi kwa mlio; usiilazimishe, punguza mwendo kwanza.

N kwenye mteremko ili «kuhifadhi mazutu» haina hesabu. Motere ya kisasa ikiburutwa na gari inakata mazutu kabisa. Ukiwa N inabidi iyanywe ili ibaki hai. Na unabaki na freni peke yake.

Matope, kusukumwa, kuvutwa

Kwenye matope, usitupe levye D-R-D-R huku magurudumu yanazunguka. Subiri yasimame, kila mara. Tia L4 (magurudumu manne, mwendo wa chini) mapema, fukua, weka mawe. Dakika tano za kuchimba ni rahisi kuliko sahani zilizoungua. Baada ya kutoka, osha mbele ya radiatere, kwa sababu kipoza mafuta cha bwati nacho kinapata hewa kupitia hapo.

Vijana wakikuona umekwama na batri iliyokufa watakuja kusukuma, nawe uwashukuru na kuwaambia waache. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa: pampu ya mafuta ya bwati inazungushwa na motere, na bila shinikizo hakuna sahani inayobana. Tafuta kebo na batri nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo, usilivute gari mbali magurudumu ya nyuma yakizunguka na motere imezimwa; vyuma vya ndani vitazunguka vikavu. Lipakie kwenye lori, au fungua kardani (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya nyuma. Ukiifungua, tia alama ya rangi kwenye flanji (sahani za kuungia) zote mbili kabla ya kulegeza buloni, irudi mahali pake ileile, la sivyo utaongeza mtetemo juu ya tatizo ulilokuwa nalo. Hakikisha pia gari liko H2 (magurudumu mawili tu).

Kabla ya kuilaumu bwati, ingia chini

Sikiliza kishindo kinapokuja. Kikija nusu sekunde baada ya gari kusimama, kama mtu aliyepiga bampa ya nyuma kwa kiganja, mtuhumiwa wa kwanza ni sehemu ya kardani inayoteleza ikiingia na kutoka springi zinapocheza. Imekauka grisi. Kikija kila unapobadilisha kutoka D kwenda R, kama nyundo juu ya chuma, kagua krowaziyo (kiungo cha msalaba cha kardani). Kikija pamoja na motere kuonekana ikiruka chini ya boneti, ni silambloki (mipira inayoishikilia).

Weka magurudumu mawe pande zote mbili, tia N, freni ya mkono iachiwe, H2. Lala chini, shika kardani kwa mikono miwili karibu na krowaziyo na uizungushe huku na huku. Kuchezacheza kidogo kwa meno ya ponti (ekseli ya nyuma) ni kawaida. Ukiona upande mmoja wa krowaziyo unatembea na mwingine umetulia, au vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake, imekwisha. Kama bado nzima, futa chuchu za grisi na upige grisi ya lithiamu mpaka mpya ichungulie kwenye kingo. Kwenye sehemu inayoteleza piga tatu au nne tu, ukizidisha kardani inakosa nafasi ya kuingia ndani. Kwa vumbi na madimbwi yetu, kila kilomita 5,000 si nyingi.

Kuna na H4 (magurudumu manne) kwenye lami. Gari linakaza kwenye kona, linapiga, na lawama inakwenda kwa bwati. Vilevile pine (tairi): kubwa kuliko za kiwanda zinaifanya kila vitesi iwe ndefu, na ile tapatapa ya mlimani inazidi.

Kipimo kimoja cha bwati yenyewe kinastahili kujulikana na kila mwenye pikapu. Kama gari linatetemeka kati ya kilomita 50 na 80, mguu ukiwa mwepesi, kama linapita juu ya ubao wa kufulia, shikilia mwendo huo kwenye barabara tupu, kisha gusa kanyagio la freni kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa tu. Mguso huo unaifungua konvertisere. Mtetemo ukikoma papo hapo na sindano ikapanda mizunguko mia mbili tatu, umempata: amburayaji ya konvertisere, na mara nyingi mafuta yaliyochoka. Vidanje (kubadilisha mafuta) inaweza kuiponya ikishikwa mapema. Mtetemo ukibaki vilevile, rudi kwenye pine na kardani.

Vidanje ya bwati

Msemo wa «mafuta ya maisha yote» usiuamini kwa gari linalopanda milima na mzigo. Kilomita 40,000 hadi 60,000 ni kipimo cha busara hapa.

Kosa linaloua bwati nyingi ni mafuta yasiyo yake. Hilux ya vitesi 6 inataka Toyota ATF WS. Ranger ya 6 inataka Mercon LV, ya 10 inataka Mercon ULV, na hizo mbili hazibadilishani. Navara inataka Matic S. Haya ni mepesi kuliko ATF ya zamani, na elektrovani zimepimwa kwa wepesi huo. Muuzaji atakuambia «yote ni mekundu, ni yaleyale». Hata mafuta ya usukani ni mekundu. Soma maandishi ya bidoni, kagua muhuri wa kifuniko, na kama bei ni nusu ya kwingine, iache hapo hapo.

Pikapu hizi nyingi hazina kijiti cha kupimia. Kwenye hizo kipimo ni buloni ya kufurikia chini ya karta (bakuli la mafuta la bwati), na inahitaji vitu viwili adimu: joto sahihi na mahali tambarare. La kwanza unalipata kwa skaneri (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari), hata kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, mradi programu yake inaonyesha joto la mafuta ya bwati. La pili, kwa Bukavu, ni kazi. Laza chupa ya maji iliyojaa nusu kwenye kizingiti cha mlango, kwanza kwa urefu wa gari, kisha nyingine kwa upana juu ya bampa, na uinue gari mpaka maji yalale sawa.

Fungua buloni ya kujazia kwanza. Ikikataa kufunguka, bado una mafuta ndani na gari linaweza kwenda kwingine. Ukimwaga kwanza na ya kujazia ikavunjika, umekwama. Kisha mwaga kwenye chombo chenye alama za lita na uandike kiasi kilichotoka. Hakitakuwa yote: mengi yanabaki kwenye konvertisere na kwenye kipoza. Rudisha kiasi kilekile na nusu lita juu yake. Washa motere, ukikanyaga freni pitisha levye P hadi D na kurudi, ukisimama sekunde chache kila mahali. Joto likifika kwenye kiwango cha kitabu cha gari (Toyota nyingi zisizo na kijiti ni karibu na nyuzi 35 hadi 45), motere ikiwa inaendelea kuunguruma kwa ralanti, fungua buloni ya kufurikia. Yakitoka mfululizo, subiri mpaka yawe matone, funga kwa washa (pete ya buloni) mpya. Yasipotoka, ongeza. Ukipima yakiwa ya moto kupita kiasi, yamevimba, yatafurika na utabaki na pungufu. Ukipima yakiwa baridi, utazidisha.

Endesha kilomita mia kadhaa, rudia. Mara mbili au tatu zinatosha kubadilisha sehemu kubwa. Ikishafika vidanje ya pili au ya tatu ya maisha yake, shusha karta, badilisha filtre, futa sumaku. Uji wa kijivu laini juu ya sumaku ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kucha ni habari mbaya. Buloni za karta ni ndogo. Zibane kidogo kidogo kwa msalaba, ukizikaza kama za gurudumu bamba linapinda na litavuja milele.

Kuifundisha upya

Baada ya kazi ya bwati, baada ya fundi kufuta kumbukumbu kwa skaneri, au kwenye magari mengine baada ya batri kufunguliwa, tarajia vishindo kwa siku chache. Toka nje ya mji asubuhi mapema, njia ya Kavumu inafaa. Bwati ikishapata joto, ondoka kwa mguu mwepesi usiobadilika mpaka kilomita 70 au 80 kwa saa, ukiipa nafasi ya kupita vitesi moja moja. Achia, liache gari lipungue lenyewe, malizia kwa freni laini, simama sekunde kumi ukiwa D. Rudia mara nane hadi kumi, kisha mara tano kwa mguu wa kati. Usitumie S wala PWR wakati huo.

Kabla ya yote, pima batri: motere ikiwa imezimwa usiku kucha volti 12.4 au zaidi, ikiwaka 13.5 hadi 14.5. Elektrovani zinazokosa umeme wa kutosha hazijifunzi kitu, na waya wa masi (unaounganisha batri na chuma cha gari) ulioota kutu umewahi kufungulisha bwati nzima.

Simama hapo hapo

Mafuta ya bwati yenye rangi ya maziwa ya waridi: maji ya radiatere yameingia, na gundi ya sahani inaanza kuachia. Usiwashe motere tena. Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua pamoja na sindano inayoruka juu bila gari kuongeza mwendo: sahani zinateleza, na vidanje peke yake haitazirudisha. Joto likivuka 120, punguza mzigo na mwendo. Likikaribia 130, simama, tia P, acha motere iungurume ili pampu iendelee kupitisha mafuta kwenye kipoza.

Gari likijifungia kwenye vitesi moja na taa ya motere ikawaka, simama, P, zima, subiri dakika moja, washa. Likirudia, nenda polepole hadi garaji, na umwambie fundi asifute kitu kabla hajaandika misimbo: P0700 inasema tu kwamba bwati ina neno, P0218 ni joto, P0741 ni ile amburayaji ya konvertisere, P0730 ni vitesi isiyolingana na iliyoombwa. Iandike kwenye karatasi pamoja na kilomita, joto la mafuta, na mlima uliokuwa unaupanda. Fundi akishaifuta, utasubiri tatizo lijitokeze tena, na kwa kawaida hujitokeza Ngomo.